Ukimya ukumbini si jadi ya Waingereza

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya utamaduni ya Jumapili iliyopita iliwapa za uso watazamaji wa tamthilia wa hapa mjini: wanaingia kwa kuchelewa, wanapiga soga, wanamenya machungwa ukumbini, na wanamjibu mwigizaji kabla hajafunga mdomo. Kwa hilo sina neno. Aliyelipa kiingilio ana haki ya kusikia. Neno ninalo pale mwandishi wenu alipotutaka tuige "ustaarabu wa kale wa Drury Lane", ambako anasema watu walikaa kimya gizani tangu enzi za wafalme wenye mawigi. Amekosea. Katika jumba hilo la London, kwa miaka 150 ya mwanzo, hapakuwa na giza wala kimya. Machungwa yaliuzwa humo ndani kwa mkataba. Wachelewaji nao hawakuvumiliwa tu. Ratiba ya usiku ilipangwa kwa kuwafikiria wao.

Nitashikilia hasa miaka ya 1747 hadi 1776, mwigizaji David Garrick alipokuwa akiliendesha jumba hilo, kwa sababu ndiyo miaka inayojulikana kwa karibu. Wakumbushaji wake, Richard Cross na baadaye William Hopkins, waliacha shajara za kila usiku: umechezwa mchezo gani, nani kaugua, nani kazomewa. Mkumbushaji ni yule anayekaa ubavuni mwa jukwaa na maandishi ya mchezo mkononi, akimtupia neno mwigizaji aliyesahau. Pale Drury Lane alikuwa zaidi ya hapo. Kengele yake ndiyo iliyoanzisha muziki na kupandisha pazia, filimbi yake ndiyo iliyobadilisha mandhari, na kazi ya kunakili maneno ya waigizaji ilipitia kwake. Hakuna aliyepewa mchezo mzima. Kila mmoja alipata maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia, na uzito wa kazi ulipimwa kwa "urefu", kila urefu mmoja mistari 42. Mwigizaji mpya aliweza kujua anadaiwa urefu ngapi kabla hajajua hadithi inaishaje.

Lakini nianze na sheria, maana bila hiyo fujo za pale hazieleweki. Mfalme Charles II alitoa hati mbili tu za kuendesha maonyesho London, na moja kati ya hizo ndiyo iliyozaa jumba la Drury Lane, lililofunguliwa Mei 1663. Sheria ya 1737 ikakaza kamba: tamthilia za maneno zichezwe kwenye majumba yenye hati, na kila mchezo mpya upelekwe kwanza kwa ofisa wa ikulu aitwaye Lord Chamberlain aukague. Ukaguzi huo uliendelea hadi 1968; ukiritimba wa majumba ulikoma 1843. Kwa hiyo mtu wa London wa zama za Garrick aliyetaka tamthilia katika majira ya baridi alikuwa na milango miwili tu, Drury Lane au Covent Garden. Waliobaki nje walitafuta upenyo. Garrick mwenyewe alipojitokeza kwa mara ya kwanza London, tarehe 19 Oktoba 1741, ilikuwa katika ukumbi usio na hati huko Goodman's Fields, na tangazo lilisema watu wanalipia tamasha la muziki la sehemu mbili. Tamthilia iliyowekwa katikati ilikuwa ya bure. Watu wa Bristol nao walipofungua jumba lao Mei 1766 walitangaza tamasha la muziki pamoja na "mfano wa ufasaha wa kusema". Mfano wenyewe ulikuwa tamthilia nzima.

Mtazamaji mwenye milango miwili tu ya kwendea hakujiona mteja. Alijiona mwenye mali, na akikasirishwa hakwenda kwa jirani. Alikaa palepale akaidai haki yake kwa sauti.

Milango ilifunguliwa saa 11 jioni na mchezo ukaanza saa 12. Vijumba vya pembeni, walikokaa wakubwa, vilikuwa shilingi 5. Chini mbele ya jukwaa, sehemu waliyoiita "shimo", shilingi 3. Roshani ya kwanza shilingi 2, na ya juu kabisa shilingi 1. (Shilingi hiyo ya peni 12 ndiyo iliyotuachia jina la fedha yetu.) Kibarua wa London wakati huo alipata kiasi cha shilingi 2 kwa siku, kwa hiyo hata kule juu kabisa, walikokaa wale walioitwa kwa utani "miungu", kiingilio kilimla nusu ya kutwa. Wala jina la shimo lisimdanganye mtu: hapo ndipo walipokaa wanasheria, waandishi na wahakiki, na neno lao lilitosha kuuzika mchezo mpya.

Namba za viti hazikuwapo. Kwa kweli viti vyenyewe havikuwapo. Ni mabenchi yasiyo na egemeo, na watu walibanana kadiri mlango ulivyoruhusu. Kijumba ungeweza kukiomba mapema kwa msimamizi wa vijumba, lakini ilibidi umtume mtumishi wako akakalie benchi mpaka utakapofika. Ni kuwekewa siti kama kwenye daladala, tofauti ni kwamba hapa mwekaji alivaa sare yenye vifungo vya dhahabu na aliona sehemu ya kwanza ya mchezo kabla bwana wake hajamaliza chakula. Tangu miaka ya 1690 watumishi hao waliachiwa roshani ya juu bure wakati wakisubiri mabwana zao. Walipofungiwa mwaka 1737 walivunja milango wakajeruhi watu.

Mlangoni penyewe palikuwa na hatari ambayo kila mwenye ukumbi angepaswa kuijua. Foleni haikuwapo, ni msukumano, na mlango wa shimo kwa kawaida ulikuwa mwembamba. Katika jumba la jirani la Haymarket, tarehe 3 Februari 1794, mfalme alipotarajiwa kuhudhuria, watu 15 walikufa kwa kukanyagwa. Kilichowaua ni ngazi. Njia ya shimo ilishuka, aliyetangulia akaanguka, na waliokuwa nyuma walisukumwa juu yake bila kuona kilichotokea mbele. Wizi wa mapato nao ulikuwa wa kila siku, kwa sababu pesa zilipokelewa mkononi na watu wa milango minne tofauti. Dawa yake ilikuwa mhesabu vichwa: mtu aliyekaa mahali pa kuona ukumbi wote, akahesabu waliokaa kila sehemu, kisha hesabu yake ikalinganishwa na ya wapokea pesa.

Saa ya kusubiri, kati ya milango kufunguliwa na mchezo kuanza, ilijazwa na muziki wa awamu tatu, na hadhira ilidai nyimbo inazozitaka. Kisha kengele, na mwigizaji mmoja akatokea mbele ya pazia la kijani kusema utangulizi wa beti. Usiku wa kwanza wa Garrick kama msimamizi, tarehe 15 Septemba 1747, utangulizi uliandikwa na mwandishi Samuel Johnson, na maana yake ilikuwa hii: sheria za jukwaa hutungwa na wanaolipa, na anayeishi kwa kupendeza hana budi apendeze ili aishi. Baada ya hapo ikachezwa tamthilia ambayo sisi tunaijua kupitia Mwalimu Nyerere kama Mabepari wa Venisi, Charles Macklin akiwa Shylock.

Pazia likishapanda, lilibaki juu mpaka mwisho wa sehemu ya tano, yaani ya mwisho. Mandhari yalibadilishwa macho makavu mbele ya watu: filimbi inalia, na fremu za turubai zilizochorwa zinasukumwa kutoka kulia na kushoto juu ya mifereji iliyopakwa sabuni au mafuta, nusu mbili zikutane katikati. Zikigoma, upande mmoja unakuwa ikulu na wa pili bado ni msitu, na roshani haikuacha jambo kama hilo lipite bila kusema. Dalili ya tanzia ilionekana mapema: wafanyakazi waliingia wakatandaza zulia la kijani jukwaani. Mavazi ya waigizaji yalikuwa ya hariri na mahameli, na aliyepangiwa kufa sakafuni hakupaswa kuamka na vumbi lote la msimu mgongoni.

Sasa mishumaa, na hapa, Mhariri, naomba nafasi kidogo, maana ndipo penye kosa la msingi la safu yenu. Taa za kuning'inia za ukumbini ziliwashwa kabla milango haijafunguliwa na hazikuzimwa mpaka watu wameondoka. Haikuwa mapenzi ya mtu, ni utambi. Mshumaa wa bei ndogo ulikuwa wa shahamu, yaani mafuta ya ng'ombe au kondoo, na utambi wa pamba iliyosokotwa tu. Utambi wa namna hiyo hauungui wote. Unabaki umesimama wima katikati ya mwali, unarefuka, unafuka moshi, na joto lake linayeyusha shahamu nyingi kuliko mwali unavyoweza kuinywa, ikachuruzika juu ya nguo za waliokaa chini. Inabidi ukatwe kila baada ya dakika chache, tena kwa mkasi maalumu wenye kisanduku cha kudaka kipande kilichokatwa kisidondoke na moto wake. Mshumaa wa nta ulikuwa na nafuu, na bei yake ilikuwa ya kikubwa. Utambi uliosukwa kama nywele, ambao ncha yake hujikunja ikatoka pembeni mwa mwali, ikapata hewa na kuungua yenyewe, haukuja mpaka miaka ya 1820.

Kwa hiyo jukwaani alikuwapo mkata tambi. Mfalme anakata roho mikononi mwa binti yake, na huyu anapita na mkasi akishughulikia mwali unaofuka. Akikata vizuri hupigiwa makofi, akiuzima huzomewa. Ukumbini kuzima kungewezekana, lakini kuwasha tena mamia ya mishumaa iliyoning'inia juu ya vichwa vya watu, katikati ya mchezo, hakuna aliyethubutu. Mtazamaji akakaa usiku kucha katika mwanga uleule wa mwigizaji. Alimwona jirani, alimwona adui yake kwenye kijumba cha pili, aliona nani kaingia na nani, na mwigizaji naye alimwona yeye. Watu wanaoonana watazungumza tu.

Jukwaa lenyewe liliwezekana kutiwa giza kiasi. Taa za ukingoni mwa jukwaa zilikuwa tambi zilizoelea juu ya mafuta ndani ya bati refu, na bati hilo liliweza kushushwa chini ya sakafu usiku wa mzimu ulipohitajika, kisha likapandishwa. Mwaka 1765, aliporudi kutoka safari yake ya Ulaya, Garrick aliondoa mapete ya mishumaa yaliyoning'inia juu ya waigizaji, ambayo kwa watu wa roshani yalikuwa moto mbele ya macho, akahamishia taa nyuma ya fremu za pembeni. Miaka 6 baadaye alimwajiri mchoraji Philippe-Jacques de Loutherbourg, hatimaye kwa pauni 500 kwa mwaka, ambaye aliweka hariri za rangi mbele ya taa na kuleta machweo na mwanga wa mwezi. Radi ilikuwa mizinga ya chuma inayobingirishwa kwenye mfereji wa mbao juu ya dari; mfereji wa namna hiyo upo hadi leo Bristol. Umeme wa radi ulikuwa unga wa ulimbo uliopulizwa juu ya mwali. Ukipuliza kidogo, cheche. Ukizidisha, unaita zimamoto.

Nirudi kwa wachelewaji. Sehemu ya tatu ya mchezo mkuu ilipokwisha, kiasi cha saa 2 usiku, milango ilifunguliwa upya kwa nusu bei. Makarani, mafundi na wenye maduka waliomaliza kazi wakati huo waliingia kwa wingi, wakijibanza kati ya waliotangulia, wakiulizana hadithi imefika wapi. Kwa ajili yao, baada ya tamthilia ndefu ya sehemu tano, kulikuwa na mchezo wa pili mfupi: kichekesho, au pantomimu yenye mashine, dansi na mandhari ya kuruka. Ndiyo maana mambo ya gharama kubwa yaliwekwa mwisho. Mwenye shilingi 3 alipata tanzia na kichekesho, pamoja na dansi na nyimbo za kati ya sehemu. Mwenye nusu yake alipata mwisho wa tanzia na kichekesho kizima. Binafsi naona wa pili ndiye aliyejua kununua.

Mwaka 1763 majumba yote mawili yalijaribu kuiondoa nusu bei. Tarehe 25 Januari, Drury Lane, kundi lililoongozwa na mtu aitwaye Thaddeus Fitzpatrick lilizuia mchezo usianze, likang'oa mabenchi na kuvunja taa za kioo. Kesho yake Garrick alisalimu amri: nusu bei irudi kwa kila kitu, isipokuwa pantomimu mpya katika msimu wake wa kwanza. Hawakuridhika. Mwigizaji John Moody alikuwa amemzuia mtu mmoja asiwashe moto mandhari, nao wakamtaka aombe radhi. Akatokea mbele, akasema anasikitika kuwaudhi kwa kuwaokoa maisha yao. Wakataka aseme akiwa amepiga magoti. Moody akaapa kwamba hilo hafanyi, akaondoka jukwaani, na huko nyuma ya pazia Garrick akamkumbatia. Covent Garden walipitia yaleyale mwezi uliofuata.

Huo haukuwa mkasa wa mara moja. Novemba 1755, vita na Ufaransa vikinukia, dansi kubwa ya Jean-Georges Noverre ilisababisha mapigano ukumbini usiku baada ya usiku, kwa madai kwamba Garrick ameleta Wafaransa, na madirisha ya nyumba yake yakapigwa mawe. Mwaka 1809, Covent Garden ilipopandisha bei baada ya kujengwa upya, watu walidai bei ya zamani kwa njuga, mabango na kucheza dansi juu ya mabenchi kwa usiku 67, mpaka msimamizi akakubali yaishe. Ukingo wa mbele wa jukwaa katika majumba haya ulikuwa na safu ya misumari mirefu ya chuma. Mwandishi wenu akitazama michoro ya zama hizo ataiona, na haikuwekwa kuzuia paka.

Hata mchezo wa kesho ulihitaji kibali cha hadhira. Tamthilia kuu ilipomalizika, kabla ya kichekesho, mwigizaji alikuja mbele kutangaza kitakachofuata. Makofi yalikuwa ndiyo; miluzi na kelele za filimbi ndogo zilizochongwa kulia kama paka zilikuwa hapana, na tangazo hubadilishwa papo hapo. Mwandishi wa mchezo mpya alikuwa nyuma akitetemeka, maana malipo yake yalikuwa mapato ya usiku wa tatu, wa sita na wa tisa, baada ya kukatwa gharama za jumba zilizozidi pauni 60. Mchezo ukizikwa usiku wa pili, hakupata kitu. Samuel Johnson huyohuyo alipoleta tanzia yake, Irene, Februari 1749, shujaa wake wa kike alitakiwa kunyongwa kwa kamba jukwaani. Kamba ilipofika shingoni, ukumbi ulipiga kelele "Mauaji! Mauaji!" na mwigizaji akashindwa kufa. Ikabidi akanyongewe pembeni, nje ya macho ya watu. Johnson alifika usiku wa tisa, pengine kwa sababu alikubali kubadilisha.

Kuhusu machungwa. Mwaka 1663 mjane mmoja, Mary Meggs, aliyejulikana kama Orange Moll, alipewa leseni ya miaka 39 ya kuuza matunda na vitamutamu ndani ya Drury Lane. Alilipa pauni 100, na juu yake shilingi 6 na peni 8 kwa kila siku ya mchezo. Chungwa moja liliuzwa peni 6, nusu ya kiingilio cha roshani ya juu kabisa, na wasichana wake, mwigizaji maarufu wa baadaye Nell Gwyn akiwa mmoja wao, walipita wakiwa wameligeuzia jukwaa mgongo, wakitangaza bidhaa. Tarehe 2 Novemba 1667 ofisa wa jeshi la maji Samuel Pepys alikuwa humo. Bwana mmoja aliyekaa mbele yake, akila tunda katikati ya mchezo, alianguka kama mfu, tunda limemkaba. Orange Moll akamtia kidole kooni, akahangaika nacho, akamrudisha duniani. Katika shajara yake ya siku hiyo Pepys hakuandika kwamba mtu alilalamikia ulaji ukumbini.

Wauza machungwa ndio walioshika pia karatasi za ratiba. Mwandishi wenu anazungumzia "programu" kana kwamba ni kijitabu cha kung'aa cha kununua mlangoni. Ilikuwa karatasi moja, imechapwa upande mmoja, mpya kila siku kwa sababu mchezo ulibadilika karibu kila siku. Nyingine zilibandikwa kwenye kuta za mji. Ilitaja jumba na siku, mchezo mkuu na nani anacheza nani, dansi za katikati, mchezo wa pili, bei za sehemu nne, saa ya kuanza, na onyo kwamba pesa hazirudishwi pazia likishapanda. Mwishoni, kwa Kilatini, mfalme alitakiwa maisha marefu. Anayetaka kuisoma vizuri atazame maneno madogo ya chini: "hakuna kinachopungua bei kamili" maana yake kuna pantomimu mpya, na jina la mwigizaji lililoandikwa pamoja na "usiku wa manufaa" maana yake mapato ya siku hiyo, gharama zikitolewa, ni yake. Siku hizo zilijaa kuanzia Machi, na mwigizaji alitembeza tiketi nyumba kwa nyumba kama mtu wa mchango wa harusi. Kijitabu cha kukunja ni cha karne ya 19. Kuna wakati mfanyabiashara wa manukato, Eugène Rimmel, alizichapa zikiwa zinanukia.

Giza basi lilitoka wapi? Lilitoka kwenye bomba. Septemba 1817 Drury Lane ilianza kuangazwa kwa gesi, na gesi mtu mmoja aliweza kuishusha na kuipandisha kutoka mahali pamoja. Hata hivyo kwa miongo kadhaa ukumbi uliendelea kuachwa na mwanga, kwa sababu watu walikuja pia kuonana. Ni katika robo ya mwisho ya karne hiyo ndipo mwigizaji Henry Irving, kule kwenye jumba la Lyceum, alipozoesha London kukaa gizani wakati mchezo unaendelea. Kimya kilifuata giza. Moto wa jukwaani nao ulikuwa na deni lake: Desemba 1844 mavazi ya mcheza dansi Clara Webster yalishika moto kwenye taa za jukwaa la Drury Lane mbele ya hadhira, akafa siku chache baadaye. Kitambaa chepesi kilichopanuliwa na hewa ya mzunguko wa dansi hakihitaji kuugusa mwali, kuupitia karibu kunatosha.

Jambo la mwisho ni la majengo. Safu yenu imemwambia msomaji atakayefika London aingie "akasimame alipocheza Garrick". Hataweza. Jumba la kwanza liliungua Januari 1672. La pili, la Garrick, lilifunguliwa 1674 na likabomolewa 1791. La tatu, la mwaka 1794, lilikuwa na nafasi za watu takribani 3,600, pazia la chuma na matangi ya maji juu ya paa. Usiku wa kufungua tamthilia pazia hilo liligongwa kwa nyundo ili watu waamini. Usiku wa 24 Februari 1809, Ijumaa ya Kwaresima isiyo na onyesho, liliungua lote, na maji ya paani hayakufua dafu. Lililopo leo ni la nne, la Oktoba 1812, ambalo ndani limebadilishwa mara kadhaa na kukarabatiwa upya kabla ya kufunguliwa tena 2021. Linastahili kuonwa, lakini si kwa sababu hiyo.

Anayetaka kuonja hadhira inayoonana na waigizaji aende Globe, ng'ambo ya mto Thames, jumba lililojengwa upya kwa mfano wa lile la zama za Shakespeare na kufunguliwa 1997. Uwanja wake hauna paa na waliosimama wako hatua moja tu kutoka jukwaani. Ndiko ambako mwaka 2012 waigizaji waliotoka Nairobi walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Na anayetaka jumba halisi la zama za mishumaa apande treni kwenda kaskazini, kisha basi, hadi Richmond ya Yorkshire. Kuna ukumbi wa 1788, mdogo. Apande roshani, akae kwenye benchi, kisha atazame chini mbele ya miguu yake. Mbao walizozipiga mateke watu wa roshani, mchezo ulipowachosha au ulipowakolea, bado ziko pale.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam